Nchi Inaishia kwa Nani?

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili bila kulalamika: mpaka. Mpaka ni mstari unaotenganisha shamba lako na la jirani. Mpaka pia ni "hadi": nitakungoja mpaka saa kumi, tumetembea mpaka sokoni. Sasa hebu tulichunguze kidogo. Nikikuambia duka liko wazi Jumatatu mpaka Ijumaa, utakuja Ijumaa ukitarajia kumpata muuzaji. Ijumaa imo ndani. Lakini nikikuambia ukae hapo mpaka nirudi, kurudi kwangu ndiko kunakomaliza kukaa kwako. Hakumo ndani. Neno ni lile lile, na halituambii kama mwisho wa kitu ni sehemu ya kitu hicho ama ni mwanzo wa kingine.

Aristotle aliwahi kujaribu kulijibu swali hili. Kwake, kikomo cha kitu ni sehemu yake ya mwisho, ile ambayo ukiipita hukuti tena chochote cha kitu hicho. Ni jibu safi, ukiwa umekaa kwa meza. Mimi swali lilinijia kwa njia ya bei rahisi zaidi: kazi ya kuandika. Mteja mmoja alitaka maneno 600 kuhusu "ncha nne za Kenya", yaani pale nchi inapoishia kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, pamoja na namba za GPS ili wapenda safari waende kupiga picha. Malipo ni kwa neno. Nilikuwa nimesota, nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Mimi si mgeni kabisa wa mambo haya. Nilisomea upimaji ardhi kwa miaka miwili kabla ya karo kunishinda. Niliondoka chuoni bila cheti, ila nilibaki na tabia moja ya wapimaji: ukinipa namba, nitakuuliza imetoka wapi. Tabia hiyo ndiyo iliyoniharibia kazi ya maneno 600.

Tuanze magharibi. Ncha ya Kenya upande huo haiko kwenye nchi kavu. Iko ndani ya Ziwa Victoria, magharibi kidogo ya longitudo 34, kwenye maji ambayo huwezi kuyachomekea hata kijiti. Maelezo ya mpaka huo yaliandikwa na Waingereza mwaka 1926, na mpaka leo Katiba ya Uganda ya 1995 bado inayabeba. Yanasema hivi kwa ufupi: anza kwenye latitudo 1 kusini, mahali palipo kusini kabisa mwa ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, panda kaskazini mpaka kwenye ncha hiyo, kisha ruka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Umeona? Ncha ya nchi inategemea ncha ya kisiwa. Na ncha ya kisiwa inategemea maji yamefika wapi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko wakati wowote uliotangulia tangu lianze kupimwa. Mwamba wenye mteremko ukifunikwa na maji, ncha yake inarudi ndani. Je, Kenya ilipungua mwaka huo kwa hatua mbili tatu? Hakuna aliyetoa taarifa.

Jirani na hapo kuna Migingo, kile kijiwe chenye mabati kuliko mawe. Mei 2009 Rais Museveni alikubali kwamba mwamba wenyewe ni wa Kenya, ila akasema maji wanakovua watu ni ya Uganda. Tulicheka wengi, tukasema sasa hiyo ni nini. Lakini soma tena maelezo ya 1926 uone vile sentensi ya kuchekesha inavyoweza kuwa na mantiki yake. Mstari ukipita karibu hivyo, unaweza kulala Kenya na kuvua Uganda kabla chai haijapoa.

Mashariki, ncha ya nchi kavu iko Mandera, kwenye pembe ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Hapo mpaka ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Italia ya 1924, pale Jubaland ilipokabidhiwa Waitalia kama mtu anavyomkabidhi mwenzake kiti. Maandishi yenyewe yanataja kona ndogo ya mto Daua. Mto! Kitu kinachohama kitandani kila mvua kubwa ikija. Na ukisema tuhesabu bahari pia, ncha ya mashariki haiko Mandera tena, iko mbali kule majini. Lakini wapi hasa? Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mstari wake kati ya Kenya na Somalia, na Kenya ikasema haiutambui.

Kaskazini ndiko kugumu kabisa. Kuna pembetatu ya Ilemi, malisho ya Waturkana, Wanyangatom, Watoposa na Wadassanech. Mstari wa 1914 ulipita mahali pamoja, mstari mwekundu wa 1938 ukapita pengine. Kenya ndiyo inayoisimamia. Ncha ya kaskazini ya nchi yetu inapanda au kushuka makumi ya kilomita kulingana na ramani uliyoishika na aliyeichapisha.

Kufikia hapo nilikuwa na ncha nne na hakuna hata moja ningeapa kwayo. Mteja alikuwa anauliza makala iko wapi.

Kuna jibu la haraka ambalo msee yeyote wa umri wangu amelisikia, na wengi tunalipenda: mipaka ni uongo. Wazungu walichora, sisi tukarithi, futeni yote. Naelewa linatoka wapi. Lakini halinitoshi. Kitu kutotoka ardhini hakukifanyi kuwa uongo. Noti ya shilingi mia haina thamani ndani ya karatasi yake. Thamani ni makubaliano, na bado ukiikosa leo jioni utalala njaa ya kweli. Ndoa haionekani kwa darubini. Mpaka ni kitu cha aina hiyo, ahadi iliyosimamishwa juu ya mawe. Hivyo, unapoenda kutafuta ncha ya nchi na simu mkononi, hutafuti kitu kilichokuwepo kabla ya watu. Unaenda kukagua kama ahadi inalingana na ardhi. Na kila ahadi ina swali lake la msingi: iliahidiwa kwa nani?

Swali hilo lilinipeleka kusini, kwa sababu ndiko nauli yangu ingefika. Likoni mpaka Lunga Lunga kwa matatu, kisha boda mpaka Vanga, kisha kwa miguu na mtumbwi upande wa Jimbo, kwenye mikoko. Ncha ya kusini ya nchi kavu iko huko, takriban latitudo 4°40′ kusini. Awali, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walikuwa wameanzishia mstari wao kwenye mdomo wa mto Umba. Mwaka 1893 wakausogeza mpaka Ras Jimbo, pale maji yanapofika yakijaa. Shida ni kwamba maji ya pwani hii hayajai sawa kila siku. Kuna bamvua na kuna maji mafu. Wakati wa bamvua kubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne, na kwenye matope ya mikoko yaliyo tambarare, mita nne za kwenda juu ni safari ndefu ya kwenda kando.

Shida ya pili niliibeba mwenyewe mfukoni. Ramani nyingi za Kenya, zile za karatasi za 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960, ambao unaikadiria dunia kwa umbo moja. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84, wenye umbo lingine. Ukichukua latitudo na longitudo kutoka kwenye ramani ya karatasi ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utasimama takriban mita mia tatu kutoka mahali penyewe. Hakuna mfumo unaodanganya kati ya hiyo miwili. Mahali pamoja pana anwani mbili, basi. Lakini mpakani, mita mia tatu ni nchi nyingine. Nilizigeuza namba, nikatembea mpaka simu ikanipa ninachotaka, ikiwa na mashaka yake ya mita tatu hadi tano. Wakati huo huo laini yangu ikaingiza ujumbe: Karibu Tanzania. Mnara wa simu ulikuwa na maoni yake.

Mzee aliyenivusha kwa mtumbwi alikuwa ananitazama nikizungukazunguka kama kuku aliyepoteza yai.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Natafuta Kenya inapoishia, babu."

Akacheka, kicheko kirefu. "Inapoishia! Mimi hata kuianza nilichelewa."

Ni Mpemba. Babake alikuja kuvua upande huu enzi ambazo, kwa maandishi, Pemba na ukanda huu wa pwani vyote vilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, hata kama Waingereza ndio walioshika usukani. Mwaka 1963 ukanda ukaingia Kenya. Familia yake haikuhama, bendera ndiyo iliyobadilika. Yeye amezaliwa hapa, ameoa hapa, amezika hapa. Kitambulisho cha Kenya amekipata uzeeni, baada ya serikali kuwatambua Wapemba rasmi mwaka 2023. Kabla ya hapo alivua akijificha, kwa sababu leseni ya uvuvi inataka kitambulisho. Laini yake ya simu iliandikishwa kwa jina la mkwewe. Pesa zake mwenyewe alikuwa anaziomba.

Nikamuuliza mpaka uko wapi majini. Akaniashiria kwa kidevu, miamba miwili na mkondo wa maji kati yake, bila kufikiri hata kidogo. Anaijua mistari ya nchi mbili kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye darasani, kwa sababu kwa miaka mingi kosa la mita chache lingemlaza rumande.

Hapo ndipo swali langu liligeuka. Bikoni ya Ras Jimbo imetajwa kwa jina kwenye makubaliano ya bahari ya Kenya na Tanzania ya 1975 na 1976. Jiwe lina jina, lina mahali, lina mataifa mawili yaliyolikubali kwa maandishi. Mtu aliyezaliwa karibu na jiwe hilo hakuwa kwenye karatasi yoyote. Serikali ilijua kwa uhakika nchi inaishia wapi, ila haikujua inaishia kwa nani.

Na si Wapemba peke yao. Wamakonde, wa kaunti hiyo hiyo ya Kwale, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai utambuzi ndio wakasikika. Kule kaskazini mashariki, kijana aliyefikisha miaka 18 alilazimika kupita mbele ya kamati ya mchujo kuthibitisha kwamba yeye ni wa hapa, utaratibu ambao Rais Ruto alitangaza kuuondoa Februari 2025. Halafu angalia Wanubi wa Kibera. Wao hawako mpakani hata kidogo, wako kilomita chache kutoka Bunge, na bado vizazi vyao vimechujwa. Kumbe mpaka unaweza kuondoka pembeni ukaja kukaa kwenye jina la mtu. Ndiyo maana kule kaskazini utasikia mtu anayepanda basi kuja Nairobi akisema "naenda Kenya". Anatania, lakini ni utani uliokomaa.

Najua kuna anayesoma hapa akisema: pole pole, buda. Mpakani kuna Al-Shabaab. Garissa 2015 hatujasahau. Serikali isipokagua nani anaingia, nani atailaumu kesho? Ni hoja ya kweli na sitaki kuipita kwa dharau, kwa sababu wanaokufa kwanza mashambulizi yakija ni watu wa huko huko mpakani. Nakubali kwamba nchi ina haki ya kuuliza maswali. Nchi isiyoweza kusema nani ni wake haiwezi pia kusema nani inawiwa kumlinda. Mzee wa Jimbo hakutaka mstari ufutwe. Alitaka kuwa upande wake mmoja, hata kwa karatasi. Tatizo langu liko kwingine, na hapa wacha nitumie kitu kimoja nilichobaki nacho kutoka darasani.

Mpimaji akizunguka eneo, huanza kwenye nukta inayojulikana, akapima pembe na umbali mpaka nukta ya pili, ya tatu, ya nne, akarudi alikoanzia. Kwa hesabu, anapaswa kuangukia pale pale. Haangukii. Kila mara kuna pengo, sentimita kadhaa, kwa sababu kila kipimo kina kosa lake: jua limetanua mkanda, mkono umetetemeka, chombo kimeinama kidogo. Sisi tuliliita kosa la kufunga. Mwanafunzi mvivu hufanya jambo moja: anachukua nukta ya mwisho na kuisukuma mpaka mchoro ufunge. Kwa macho unapendeza. Lakini amelibebesha kosa lote mstari mmoja, tena ule uliotokea tu kuwa wa mwisho. Kanuni ya kazi, ambayo imeitwa kwa jina la Mmarekani Bowditch, inasema kosa ligawanywe kwenye mistari yote, kila mmoja kulingana na urefu wake. Mstari mrefu unabeba zaidi. Hakuna anayeulizwa alikosea wapi, kwa sababu kosa ni la mzunguko mzima.

Sasa itazame Kenya kama mzunguko huo. Mistari yake ilipimwa kwa haraka, na watu wasioishi hapa, kwa mito inayohama na maji yanayojaa na kupwa. Kosa la kufunga lilikuwa lazima liwepo: familia iliyoangukia pande mbili, kisima upande huu na malisho upande ule, jina linalofanana na la jirani. Hakuna ramani ingeliepuka. Swali la maadili ni nani abebe pengo hilo. Sisi tulifanya kama mwanafunzi mvivu. Tulichukua nukta ya mwisho, mtu wa Mandera, wa Vanga, wa Ilemi, tukamsukuma yeye mpaka mchoro ufunge. Yeye athibitishe. Yeye atafute cheti cha babu. Yeye arudi wiki ijayo. Mimi niliyezaliwa katikati, kitambulisho changu kilikuja baada ya foleni ya asubuhi moja, na sijawahi kuonyesha popote kwamba babu yangu alikuwa Mkenya. Angeweza hata kuwa nani? Alizaliwa kabla Kenya haijawa nchi.

Hiyo ndiyo dhuluma ninayoiona. Kumuuliza mtu maswali si dhuluma. Dhuluma ni kwamba mashaka ya chombo chetu wenyewe tunayaandika kwenye mwili wa mtu mmoja, halafu tunayaita usalama. Kugawa kosa kungekuwa na sura za kawaida kabisa: serikali ndiyo itafute ushahidi wa kumkatalia, badala yake yeye kutafuta wa kukubaliwa, ombi liwe na siku ya mwisho ya kujibiwa, maswali anayoulizwa kijana wa Mandera yawe yale yale anayoulizwa kijana wa Nyeri. Tutachelewa wote kidogo. Foleni yangu ya asubuhi ingekuwa ya mchana. Ni sawa. Mistari mirefu hubeba zaidi.

Wavuvi wana msemo wa zamani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi na omo ndizo ncha mbili za chombo. Ngama ni chini katikati, ambako maji yote yaliyovuja hukusanyika na mtu huinama kuyafuta. Kawaida husemwa kumkumbusha msafiri kwamba atarudi tu. Mimi nausikia pia kama onyo kwetu tulio katikati. Ubao ukiachia kule mbele, wa ngamani atajua baadaye, lakini atajua, na maji yatakuwa yamemfika magotini.

Kwa hivyo lile swali la mpaka, kama mwisho wa kitu ni sehemu ya kitu hicho, naona halijibiwi na kamusi wala na GPS. Linajibiwa ofisini, kwa mtu aliyeshika fomu. Ukimpokea wa mwisho kama Ijumaa, duka liko wazi naye. Ukimpokea kama yule anayeambiwa angoja mpaka turudi, umemtoa, hata kama jiwe liko mita mia moja nyuma yake. Na sisi wengine tuna sehemu yetu, ndogo na ya kila siku. Tunapomsikia mtu akijitaja jina tukamuuliza "lakini wewe ni wa wapi hasa?", tunamchomekea bikoni kifuani katikati ya jiji.

Makala ya maneno 600 niliituma. Kwenye kusini niliandika namba, nikaongeza kwamba zina mashaka ya mita tano na kwamba zinabadilika na bamvua. Mteja alikata sentensi hiyo kwa sababu ilikuwa inazidisha maneno. Namba zikabaki peke yake, safi kabisa, kama vile hakuna mtu anayeishi hapo.